Mto wa Kisu

Ujumbe uliingia saa moja jioni, kwenye simu ambayo si ya Mama Uzi.

Simu yake mwenyewe ilikuwa kwa jirani, fundi redio wa mlango wa pili, imefunguliwa tumbo na kulazwa juu ya gazeti. Fundi alikuwa amechomeka laini yake kwenye simu ya ziada ili mama wa watu asikose salamu za binti yake aliyekuwa kambini. Basi akaja nayo ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni, akasimama kizingitini.

"Kuna nini, jirani? Mbona umesimama kama mgeni?"

"Soma mwenyewe, Mama Uzi. Mimi macho yangu hayaaminiki jua likizama."

Alisoma. *Mmoja wetu ameteleza mtini akaanguka na kisu. Anapelekwa hospitali. Mtandao unakatika, tutawapa taarifa.* Aliyeandika ni kiongozi wa kambi ya wakusanya mbegu za miti, na ilionekana amewatumia ndugu wote kwa mkupuo mmoja. Jina hakuweka.

"Mmoja wetu," alisema Mama Uzi. "Wako kumi na wawili."

"Ndiyo hapo sasa. Kumi na wawili ni wengi. Kwa nini awe wako?"

"Na kwa nini asiwe wangu?"

Walipiga simu mara sita, na mara zote sita yule mwanamke wa ndani ya simu, mwenye sauti ya upole asiyejua shida ya mtu, akawaambia wajaribu tena baadaye. Mwishowe fundi alimwachia simu mezani, akasema ataacha mlango wake wazi, akihitaji mtu aite tu. Mama Uzi alifunga wake, akavuta kigoda, akakaa akiutazama.

Ukutani, kando ya mlango, palikuwa na msumari, na kwenye msumari iling'inia ala ya kisu. Ilikuwa nene, ya rangi ya asali, imeshonwa kwa mkono. Haikuwa na kisu ndani. Aliitazama kidogo tu, akageuza macho.

*

Jina la Mama Uzi alipewa kiwandani, maana hata akitoka kazini nguoni hakosi kipande cha uzi. Alikuwa na miaka kumi na minne kwenye mashine ya tatu kutoka dirishani, akishona ala za visu vya porini. Visu vyenyewe vilikuja ndani ya makasha ya mbao kutoka kiwanda kingine, vimefungwa karatasi yenye mafuta. Wao kazi yao ilikuwa kuvijengea nyumba.

Yeye aliona hivyo, kwamba ni nyumba. Mashine ikishakolea na mguu ukishaingia kwenye mwendo, akili yake ilikuwa ikitoka nje kwa dirisha bila kuaga. Iliifuata ala moja hadi kwenye kiuno cha mtu asiyemjua: mrina asali labda, au mchunga ng'ombe, au mpima ardhi anayekata njia kwenye majani marefu. Alimwona mtu huyo akiinama kunywa maji mtoni, akipiga usingizi chini ya turubai, na kisu kimelala ubavuni pake, kimya, kimejifunika. Wakati mwingine msimamizi alilazimika kumgusa bega.

"Mama Uzi, umefika wapi leo?"

"Nimevuka mto, Bwana Rula. Nilikuwa narudi."

Wenzake walicheka hadi gundi ikawamwagikia. Bwana Rula mwenyewe alitabasamu upande mmoja. Alikuwa msimamizi asiye mbaya, mwembamba, mwenye rula ya chuma kwenye mfuko wa shati, na alipenda vitu vilivyonyooka.

Kila mshonaji pale alikuwa na alama yake. Amri ilikuwa kwamba ukifika mwisho wa mshono, urudishe mashine mishono miwili ili uzi usifumuke. Mama Uzi alirudisha mitatu. Hakukuwa na sababu, ni mguu tu uliozoea. Dada Gundi wa mashine ya nne alirudisha miwili, lakini wa pili ulikwenda kombo kidogo. Bila kuandika jina popote waliweza kumwaga ala mia mezani na kuziita moja moja: hii yangu, hii yako, hii ya yule aliyehama.

Na ndani ya kila ala, mahali ambapo mnunuzi haoni, palikuwa na mto.

Ala ni kuta mbili za ngozi zilizoshonwa ubavuni. Makali ya kisu yanaelekea kwenye mshono. Ukiziacha kuta mbili peke yake, makali yanakaa juu ya uzi, na kila mtu anapokaa, anapopanda, anapochuchumaa, kisu kinaulamba uzi kidogo kidogo kama mbuzi na kamba. Kwa hiyo katikati ya kuta hizo huwekwa ukanda mwembamba wa ngozi ngumu, upana wa kidole, ili makali yalale hapo yasiuguse uzi. Wanawake wa kiwandani waliuita mto. Ngozi yake haina uzuri wowote, ni mabaki tu. Lakini Mama Uzi alipenda kuuweka kuliko kazi nyingine zote. Aliuweka kama anavyomwekea mtoto.

Miezi saba iliyopita mabaki yaliisha, na agizo kubwa lilikuwa linangojwa getini. Bwana Rula akapita kati ya mashine akisema, "Shoneni bila mto kwa leo. Gundi itashika."

Wakashona. Leo ikawa kesho, kesho ikawa juma, agizo likaondoka na jingine likaja, na mto haukurudi. Kazi ilikwenda haraka zaidi. Hakuna aliyelalamika kutoka huko duniani. Dada Gundi alimnong'oneza mara moja tu, "Shoga, hizi nyumba tunazojenga hazina kitanda," na Mama Uzi akacheka, akainamisha kichwa, akaendelea kukanyaga. Hakusema. Alikuwa mtu wa kuogopa mlango wa ofisi. Alisoma hadi darasa la saba, na mbele ya meza yenye karatasi maneno yake yalikuwa yakimkimbia kama kuku.

Ila ndoto zake za dirishani zilikoma. Akiifuata ala hadi kiunoni kwa mtu, alikuwa akifika na kukuta yule mtu hana uso.

*

Kisha binti yake akapata kazi ya kukusanya mbegu za miti.

Alikuwa mwanawe wa pekee, msichana wa miaka ishirini na mbili, mwepesi, asiyeogopa urefu tangu alipokuwa anatambaa. Kazi yao ilikuwa kupanda miti mikubwa kwa kamba, kukata vitawi vyenye maganda yaliyokomaa, na kuvishusha kwenye shuka lililotandikwa chini. Walikaa msituni wiki mbili, wakarudi nyumbani siku tatu. Siku alipopewa vifaa alivimwaga kitandani kwa furaha: kamba, kofia ngumu, glavu, na kisu kwenye ala yake mpya.

Mama Uzi aliichukua ala, akaigeuza. Mwisho wa mshono, mishono mitatu imerudi.

Aliibonyeza ubavuni kwa dole gumba. Laini. Haina mto.

"Mama, mbona umeduwaa? Ni kiwanda chenu hicho, nimeona nembo!"

"Nimeiona."

"Sasa si ufurahi? Nikiwa juu kabisa nitakuwa nakusikia kiunoni."

Hakufurahi. Siku tatu zile, binti akizunguka kwa mashoga zake, yeye alikaa na ngozi nene aliyoiomba kwa fundi viatu, akakata, akatoboa matundu kwa msharasi, akapaka uzi nta, akaweka mto mnene mara mbili ya kawaida. Akailowesha, akaiviringisha juu ya kisu hadi ikashika umbo lake. Ilikuwa ala ya kukaa miaka thelathini. Binti alipoiona alishika mdomo.

"Mama! Hii ni ala au begi la shule?"

"Vaa uone."

"Wenzangu kumi na mmoja wana ala za kufanana, mimi nije na ghorofa kiunoni? Yuko mmoja tunamwita Twiga, yule hanisazi. Ataniuliza kama napangisha vyumba."

"Mwache aulize. Mapaja ni yako, si ya Twiga."

Binti akaacha kucheka. Alimtazama mama yake kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipohisi anafichwa kitu.

"Mama. Kwani hizi za kiwandani hazitoshi? Si wewe unayezishona?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Dakika nzima ilisimama mbele yake, tupu, ikingoja. Mama Uzi alifungua kinywa, akamwona Bwana Rula na rula yake, akaiona mashine ya tatu kutoka dirishani ikiwa na mtu mwingine juu yake.

"Zinatosha," alisema.

"Basi!" Binti alimbusu shavuni, akaitundika ala nene kwenye msumari wa mlangoni, akaenda kuoga.

Usiku ule, binti alipolala, Mama Uzi aliifumua ile ala ya kiwandani, akaingiza mto, akaishona upya kwenye matundu yale yale kwa uzi wa rangi ile ile. Alimaliza kwa mishono mitatu ya kurudi, maana mkono nao ulikuwa umejifunza kutoka kwa mguu. Asubuhi binti aliivaa akaondoka, asijue, na mama akakaa wiki nzima na moyo uliotulia.

Siku ya nane binti alipiga simu akiwa juu ya kilima chenye mtandao. Alisimulia mvua, nyani, mchele ulioungua, na Twiga aliyekwama juu ya mti akiimba hadi wakamshusha. Kisha, katikati ya kicheko, akasema, "Na vifaa ni vya kambi, mama, si vya mtu. Jioni tunatundika visu vyote na ala zake kwenye boriti moja, asubuhi kila mtu anachukua kinachomwangukia mkononi."

Mama Uzi aliigeukia ala nene iliyotundikwa mlangoni.

Alikuwa ameweka mto mmoja. Boriti ilikuwa na ala kumi na mbili.

*

Usiku ule wa ujumbe Mama Uzi aliendelea kuutazama mlango. Ulikuwa mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, umechubuka kwenye kitasa, na chini yake mwanga wa taa ya nje uliingia kama ulimi mwembamba, ukapungua gari lilipopita, ukarudi.

Alijaribu kuomba, akajikuta anaomba vibaya. Alitaka kusema asiwe wangu, akakumbuka kwamba kumi na mmoja waliobaki nao wana mama zao, na kwamba labda saa ile ile kila mama amekaa kwenye kigoda chake anasukuma balaa hilo kwenda kwa mtoto wa mwenzake. Akaiacha sala hapo.

Mikono ndiyo iliyoshindwa kungoja. Aliinuka, akatoa chini ya kitanda viatu vya kazi vya marehemu mume wake, vile alivyokuwa akivipaka mafuta kila mwaka bila sababu. Akachukua kisu cha kukatia ngozi. Akakata shingo ya kiatu cha kwanza vipande virefu, upana wa kidole. Mto mmoja, miwili, mitatu. Ngozi ilikuwa kavu kwa nje na laini kwa ndani. Alipofika wa kumi na moja alisimama. Akaipanga mezani, sambamba, na mwenyewe akaweka kichwa kando yake.

Hakulala, lakini macho yake yalikwenda. Aliona msitu wa miti mirefu isiyo na majani, na kwenye kila tawi ala zinaning'inia kama maganda ya mbegu, mamia, zile zote za miezi saba. Upepo ulikuwa ukizigonganisha taratibu. Kila moja ilikuwa imeiva. Alijua zikipasuka zitamwaga visu, naye alikuwa chini ametandika shuka, shuka dogo la kitanda cha mtoto, akikimbia nalo huku na huku, akisema kwa sauti ya upole ya yule mwanamke wa simu: zinatosha, zinatosha, jaribu tena baadaye. Kwenye tawi la juu kabisa binti yake alikuwa amekaa akining'iniza miguu, akamwita, "Mama, ipi ni yako?" Naye akatazama juu na kuona kwamba zote zina mishono mitatu.

Alishtushwa na mtu aliyekuwa anahangaika na kitasa.

Kumekucha. Mlango ulisukumwa, ukakwama kidogo kwa chini kama ulivyozoea, ukafunguka, na binti akaingia na begi begani na matope hadi magotini.

Mama Uzi hakumtazama usoni. Macho yake yalikwenda kiunoni, mapajani, yakashuka, yakapanda, yakatafuta damu.

"Uso wangu uko huku juu, mama," alisema binti.

Ndipo akamkumbatia, akamkamata kichwa, masikio, mabega, kama anayehesabu vyombo baada ya wageni. Binti alinuka moshi na utomvu. Walikaa sakafuni palepale.

"Ni Twiga," alisema binti. "Kamba ilimteleza, akashuka kama gunia, akaangukia kalio. Amevunjika mkono. Tumemfikisha hospitali saa sita usiku na gari la magogo, nikapata lifti ya kuja huku. Anatania wauguzi, hajambo."

"Na kisu? Waliandika kisu."

"Kiongozi aliona ala imechanika akapiga kelele, akaandika kabla ya kutazama." Binti alifungua begi akatoa ala. Ukuta wa nje ulikuwa umepasuka kwa urefu wa kidole. Ndani ya mpasuko ulionekana ukanda wa ngozi ngumu, umekatwa nusu ya unene wake, na hapo ndipo makali yalipokomea. "Daktari amesema kingepita, kingefika kwenye mshipa mkubwa wa paja."

Mama Uzi aliupapasa ule mto.

"Alibahatika kuichukua hiyo," alisema.

"Hakubahatika. Nilimpa." Binti alimtazama vile vile kichwa upande. "Unadhani siujui mkono wako, mama? Uzi mpya, umepakwa nta, mashine haipaki nta. Tangu siku ya kwanza naitafuta hiyo kwenye boriti kabla hawajaamka. Jana Twiga alikuwa anapanda mti mrefu kuliko yote, nikamwambia chukua hii, ina baraka za mama. Akaniuliza kama baraka zina chumba cha kulala." Alicheka, kicheko kikamkatikia. "Mimi nilivaa nyingine. Sasa niambie. Zile kumi na moja zina nini?"

"Hazina."

"Hazina nini?"

"Hazina kitu hiki." Na akamweleza, kuanzia siku mabaki yalipoisha. Hakujipamba. Alipofika kwenye neno alilolisema siku ile, binti aliinua macho akaziona mezani zile kanda kumi na moja zilizopangwa, na kiatu cha baba yake kisicho na shingo.

"Hizo za kambi utazishona," alisema. "Nitazileta. Na zile nyingine, mama? Zilizokwenda kwa watu?"

King'ora cha kwanza cha kiwanda kililia mbali, kile cha kuamsha mitambo.

Mama Uzi alinawa uso. Alijifunga kitambaa kichwani, akaiweka ala iliyochanika kwenye mfuko wa aproni pamoja na ukanda mmoja wa ngozi ya kiatu. Binti alitaka kumsindikiza, akamwambia lala. Alipita mlangoni kwa fundi redio, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti, mlango wazi kama alivyoahidi, akamfunika shuka miguuni na kumrudishia simu mapajani. Njiani alitembea kama mtu aliye bado nusu ndotoni, na barabara ilikuwa na ukungu mwepesi uliofanya kila mpita njia aonekane hana uso mpaka akaribie. Alimtazama kila mmoja kiunoni.

Kiwandani mashine zilikuwa bado zimefunikwa. Aliipita yake, ya tatu kutoka dirishani, akaigusa, asikae. Ofisi ilikuwa mwisho wa ukumbi. Mwanga ulionekana chini ya mlango, na kivuli cha miguu ya Bwana Rula kikienda na kurudi, maana alikuwa mtu wa kuwahi.

Mama Uzi alisimama. Maneno yakaanza kukimbia, moja kule, moja huku. Akaingiza mkono mfukoni, akaushika ule mto uliokatwa nusu, akayaacha yakimbie yote, akabaki na moja. *Hazitoshi.* Alilisema kimyakimya mara tatu, kama anayerudisha mshono.

Akabisha hodi. Kivuli kilisimama. Kiti kikasogezwa, hatua zikaja, na kitasa kikazunguka.

Mlango ukafunguka.